Upambanuzi wa Wagonjwa: Maneno ya Mlangoni pa Idara ya Dharura Wakati wa Janga

Miongoni mwa barua zilizotufikia katika robo hii ya mwaka imo moja iliyotoka kwa mwalimu wa shule ya msingi anayeishi Kibamba, pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, kando ya barabara iendayo Morogoro. Mwalimu huyo anatueleza kisa kilichompata mwaka 2021, wakati wa wimbi la tatu la UVIKO-19. Alimpeleka mama yake mzazi, mwenye umri wa miaka sabini na kitu, katika hospitali moja ya jijini. Haikuwa ile iliyo jirani na kwake, na jina lake halihitajiki hapa. Mama alikuwa akikohoa, na pumzi zilimwishia kila alipotembea hatua chache. Mlangoni muuguzi alimtazama, akamvika kidude kidoleni, akaandika, kisha akamwambia mwalimu: "Mama ameshachambuliwa. Ni mshukiwa, atakwenda kule kwenye hema la kutengwa. Wewe baki nje."

Mama akasikia. Akasema kwamba yeye si mchele hata achambuliwe, wala hajaiba kitu cha mtu hata ashukiwe, na kwamba katika umri wake wote hajapata kutengwa na jamaa wala jirani. Akaomba arudishwe nyumbani. Mwanawe, ambaye naye maneno yale yalikwisha kumchoma, akamtii, nao wakarudi kwa bajaji. Siku ya tatu mama alipelekwa tena hospitalini kwa gari la wagonjwa, hali hawezi hata kusema. Alipona baada ya majuma matatu ya kulazwa. Swali ambalo mwalimu anatuuliza ni fupi: je, maneno yale matatu, yaani kuchambuliwa, mshukiwa na kutengwa, ni Kiswahili sanifu, na kama ni sanifu, nani aliyeyachagua?

Swali hili limetushughulisha kuliko tulivyotazamia. Twaweza kulijibu kwa mstari mmoja: maneno yote matatu yamo katika kamusi, na hapana hata moja lenye kosa la sarufi. Lakini jibu la namna hiyo lingekuwa la kukwepa. Mtafsiri wa mwongozo wa hospitali, mwalimu wa uuguzi, na mtumishi wa serikali aandikaye tangazo la kubandikwa ukutani hawana budi kujiuliza pia neno litafanya nini litakapofika sikioni mwa mtu mwenye hofu. Nasi hatuwezi kulipima neno hilo bila ya kuielewa kwanza kazi inayofanyika mlangoni pale. Kwa hiyo tunamwomba msomaji avumilie tukimweleza kazi hiyo, kwa kadiri tulivyoisoma na kuelezwa na wenye kuifanya.

Idara ya dharura, kwa maana itumikayo sasa, ni kitu kipya katika nchi yetu. Kwa miaka mingi mgonjwa aliyefika hospitalini alipita mapokezi, akaandikisha kadi, akakaa kwenye benchi pamoja na wenzake, na daktari akawaona kwa zamu. Aliyezidiwa sana alipenyezwa mbele kwa huruma ya muuguzi au kwa kelele za jamaa zake. Mwezi Januari 2010 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara kamili ya tiba ya dharura, ya kwanza ya aina yake nchini, na baada ya hapo madaktari bingwa wa fani hiyo wakaanza kufundishwa hapa hapa nyumbani. Huko Mloganzila, upande wa Kibamba, hospitali ya kufundishia ilizinduliwa Novemba 2017, na mwaka uliofuata ikaunganishwa na Muhimbili. Kisha ukaja UVIKO-19. Fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, ambazo mpango wa matumizi yake ulizinduliwa Dodoma mwezi Oktoba 2021, zilijenga majengo ya dharura katika hospitali nyingi za mikoa na wilaya, pamoja na madarasa ya shule. Leo katika wilaya nyingi kuna jengo jipya na vitanda vipya, na juu ya mlango zimeandikwa herufi tatu za Kiingereza ambazo wenyeji huzitamka iemudi.

Jina la Kiswahili, idara ya dharura, linafaa, ingawa lina udhaifu wake. Maofisini mwetu dharura imekuwa udhuru: mtumishi asiyeonekana Jumatatu asubuhi "amepata dharura", na kila mtu anajua kwamba si adabu kuuliza zaidi. Neno lililochoshwa kwa matumizi ya namna hii huenda lisimshtue msikilizaji inavyopasa. Hata hivyo hatuoni jingine lililo bora, na watu wamekwisha kulizoea. Tuliache.

Neno janga nalo linataka maelezo machache. Mafuriko ni janga, njaa ni janga, na hata kijana aliyeharibika tabia huitwa janga na shangazi zake. Maradhi yanapozuka ghafula katika mahali pamoja husemwa kuwa kuna mlipuko. Ndivyo ilivyosemwa juu ya ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera mwezi Machi 2023, na mlipuko huo ukatangazwa kwisha mwezi Juni mwaka huo. Maradhi yanapovuka mipaka na kuzishika nchi nyingi kwa wakati mmoja, ndipo tunaposema janga. Shirika la Afya Duniani liliitumia sifa hiyo kwa UVIKO-19 tarehe 11 Machi 2020. Siku tano baadaye, tarehe 16, mgonjwa wa kwanza akatangazwa nchini Tanzania. Tofauti hii ina maana kwa mtu wa idara ya dharura. Katika mlipuko, msaada waweza kutoka mkoa mwingine. Katika janga, mkoa mwingine nao una wagonjwa wake, na nchi zinazotengeneza mitungi na dawa zimekwisha kujizuilia vyake.

Sasa tuje mlangoni. Siku za kawaida idara ya dharura huwa na swali moja kubwa: nani hawezi kungoja? Wakati wa janga maswali huwa mawili, nayo huulizwa kwa pamoja. La pili ni hili: nani aweza kuwaambukiza wengine? Maswali haya hayaendi njia moja. Dereva wa lori aliyevunjika paja katika barabara ya Morogoro hawezi kungoja, lakini huenda hana maambukizi yoyote. Kijana mwenye mafua na kikohozi aweza kungoja hata saa mbili, lakini hafai kungojea kando ya dereva yule. Mama wa Kibamba alikuwa na yote mawili, hatari yake mwenyewe na hatari kwa wenzake. Kwa sababu hiyo hospitali nyingi duniani zilitenganisha njia mapema kabisa, kabla hata jina la mgonjwa halijaandikwa: wenye homa, kikohozi au pumzi fupi huku, wengine kule. Mara nyingi kazi hiyo ilifanyika katika hema au banda lililosimamishwa nje ya jengo, mahali penye upepo, kwa kuwa virusi vielekeavyo katika hewa hutawanyika upesi panapo hewa nyingi. Hema lile alilolichukia mama, kumbe, lilikuwa mahali salama kuliko ukumbi.

Muuguzi wa mlangoni haamui mtu ana ugonjwa gani. Hutazama mambo machache kwa dakika chache. Je, mgonjwa anaweza kusema sentensi nzima bila ya kukatiza pumzi? Anapumua mara ngapi kwa dakika? Mtu mzima apumuaye zaidi ya mara 30 yumo hatarini. Kidude cha kidoleni, ambacho tunapendelea kukiita kipimaoksijeni, huonyesha kwa asilimia jinsi damu ilivyobeba oksijeni. Mgonjwa wa UVIKO-19 aliyeshuka chini ya 90 alihesabiwa na Shirika la Afya Duniani kuwa na ugonjwa mkali. Jambo lililowashangaza waganga ni kwamba wengine walishuka hivyo huku wakizungumza na kutembea, wasijue kuwa hali yao imekuwa mbaya. Baada ya vipimo hivyo mgonjwa hupewa rangi. Nyekundu ni wa kuhudumiwa sasa hivi, manjano ni wa kuhudumiwa upesi lakini aweza kungoja kidogo huku akiangaliwa, na kijani ni wa kungoja. Ziko hospitali zenye rangi zaidi ya hizo, lakini msingi ni mmoja.

Hapo ndipo desturi zetu na kazi hii zinapogongana. Sisi tumelelewa kuheshimu zamu na umri: aliyetangulia kufika hutangulia kuhudumiwa, mzee hupishwa, na mgeni aliyetoka mbali hufikiriwa. Mlangoni pa dharura hayo yote huwekwa kando. Mzee aliyefika alfajiri aweza kupitwa na kijana aliyefika adhuhuri, wala muuguzi hana saa ya kueleza falsafa yake. Ana sentensi moja au mbili tu. Basi sentensi hizo zikiwa na neno baya, hakuna kitu kingine kitakachomweleza jamaa kwamba mgonjwa wake hakudharauliwa.

Kazi hii ya mlangoni wenyewe huiita triaji. Neno hili limetoka Kifaransa, katika kitenzi chenye maana ya kuchagua na kutenga aina mbalimbali. Kabla ya kuingia hospitalini lilitumika kwa sufu na kwa kahawa. Wafanya biashara wa kahawa waliziita hivyo hata buni zilizovunjika, zile za daraja la chini zilizobaki baada ya nzuri kuondolewa. Katika udaktari fikira yenyewe huhusishwa zaidi na Dominique Jean Larrey, mpasuaji wa majeshi ya Napoleon, aliyeshikilia kwamba majeruhi wahudumiwe kwa kufuata uzito wa majeraha, pasipo kujali cheo. Fikira hiyo ni ya haki; lakini neno lenyewe lilitoka sokoni. Mwingereza au Mfaransa wa leo halisikii tena soko lile ndani ya neno lake. Taabu yetu ni kwamba mtafsiri alipolileta neno hilo kwa Kiswahili alilifasiri kwa uaminifu mno, na soko likarudi pamoja nalo.

Kwa maana kuchambua, kwa Mswahili aliyekulia jikoni na shambani, ni kazi yenye mwisho unaojulikana. Mchele huchambuliwa ili mawe na chuya zitupwe. Karafuu huchambuliwa ili makonyo yaondolewe. Pamba huchambuliwa ili ibaki safi. Ni kweli kwamba msomi huchambua shairi na mwandishi wa gazeti huchambua habari, na bila shaka aliyelipendekeza neno hili kwa ajili ya hospitali alikuwa na maana hiyo ya kisomi kichwani. Lakini mama wa Kibamba hakusikia shairi. Alisikia ungo.

Tulijaribu maneno mengine, nayo hatutayapitia yote. Kupepeta na kupembua yana ungo ule ule. Kuchuja huacha machicha. Kuchagua hunuka upendeleo, na kuteua hufaa zaidi kwa mawaziri. Kuainisha ni neno zuri, lakini limekwisha kushikwa na walimu wa sarufi na wa viumbe, na mtu akiambiwa ameainishwa hatajua afurahi au aandike barua ya malalamiko. Tulirudi mara kwa mara kwenye kupambanua. Mtu hupambanua jema na baya. Mama hupambanua sauti ya mwanawe katika kelele za watoto wengi. Palipopambanuliwa kila kitu hubaki mahali pake, ila sasa kimejulikana. Hakuna kinachotupwa. Na hii, kwa hakika, ndiyo kazi ya muuguzi yule. Kwa hiyo tunapendekeza upambanuzi wa wagonjwa kuwa istilahi ya miongozo na mitaala, na muuguzi aifanyaye kazi hiyo aitwe mpambanuzi.

Baadhi yetu walipinga, na pingamizi lao si jepesi. Walisema kwamba upambanuzi ni neno refu, lenye harufu ya vitabu, na kwamba muuguzi wa saa tisa usiku hatalitumia; ataendelea kusema triaji, kama fundi wa magari asemavyo giaboksi. Tunakubali. Wenye kazi na wasemezane kwa neno lao, na kamusi ilipokee triaji kwa tahajia yake ya Kiswahili. Tunalolikataa ni kumwambia jamaa wa mgonjwa kwamba mgonjwa wake amechambuliwa. Kwake yeye hata istilahi yetu haihitajiki. Anahitaji sentensi iliyo wazi, nasi tutairudia sentensi hiyo chini.

Neno la pili, mshukiwa, halituchukulii muda mrefu. Kutafsiri kwa njia ya kamusi, neno kwa neno, kumelileta kutoka katika taarifa za kidaktari za lugha za kigeni, ambako mtu mwenye dalili husemwa kwamba anashukiwa kuwa na ugonjwa. Katika Kiswahili mshukiwa ni ndugu wa mtuhumiwa. Makazi yake ni kituo cha polisi. Wakati wa UVIKO-19 magazeti ya nchi zetu yaliandika juu ya washukiwa waliotoroka wodini, na msomaji akapata picha ya watu wenye pingu. Katika taarifa za wizara neno mhisiwa limeanza kuchukua nafasi hiyo, nasi tunaliunga mkono. Kuhisi hakuna hatia ndani yake. Ni kudhani kwa dalili, mpaka kipimo kiseme.

Kutenga ni gumu zaidi, kwa sababu ni neno zuri lililopata jirani mbaya. Mke au mume hutenga chakula, na kutengewa chakula ni heshima. Lakini likigeuzwa mtendwa akawa mtu, maana huanguka: aliyetengwa ni aliyekatwa na ukoo, na katika makanisa yetu ni mwumini aliyewekwa chini ya nidhamu. Na juu ya hayo neno hili lilichanganywa na karantini hata watu wengi wakadhani ni kitu kimoja. Si kimoja. Karantini ni ya mtu mzima wa afya ambaye ametangamana na mgonjwa, au ametoka penye maradhi, akawekwa pembeni mpaka ijulikane kama ataugua. Ndivyo walivyowekwa wasafiri kwa siku 14 mwaka 2020. Kutenga ni kwa aliyekwisha kuugua. Ukiwaweka wote wawili chumba kimoja kwa sababu una neno moja tu, umemwambukiza mzima. Kwa njiani tu tuseme kwamba karantini si mgeni wa jana katika Pwani yetu: kisiwa cha Changuu, mbele ya mji wa Zanzibar, kiliwahi kuwa mahali pa kuwashushia abiria wa meli kwa hofu ya maradhi. Na jina lenyewe latokana na hesabu ya siku 40 katika lugha za Italia, hesabu ambayo kwetu inaitwa arobaini na ina shughuli zake.

Je, tuliache kutenga? Wako wanaopendekeza "uangalizi maalumu". Tunasita. Neno tamu mno huficha sababu, na jamaa asiyeijua sababu atapenya usiku kumletea mgonjwa uji. Tungependa kitenzi kibaki, ila kisiachwe peke yake: mgonjwa anatengwa na nini, na kwa nini. "Tunamweka chumba cha peke yake ili kikohozi chake kisiwafikie wengine" ni Kiswahili ambacho hakuna mzee atakayekikataa. Neno utengaji litumike katika miongozo.

Ndani ya idara maneno huwa mengi, na hapa tutagusa yale tu yaliyotuletea maswali. Tiba kubwa ya mgonjwa mkali wa UVIKO-19 aliyefika mlangoni ilikuwa oksijeni. Kwa mirija ya puani mtu mzima hupewa hadi lita 5 kwa dakika. Akihitaji zaidi huvikwa kifuniko cha uso chenye mfuko, lita 10 hadi 15. Hesabu hii inaeleza hofu ya madaktari: mtungi mkubwa wa lita 6,800, kwa mgonjwa mmoja wa lita 10, haumalizi saa 12. Ndiyo maana wakati wa janga serikali iliingia katika kufunga mitambo ya kuzalisha oksijeni hospitalini penyewe. Kifuniko hicho tukiiteje? Barakoa, vazi la uso la wanawake wa Pwani na Omani, lilifufuliwa mwaka 2020 likawa neno la kila mtu, nalo ni mojawapo ya mafanikio ya kweli ya msamiati wa wakati ule. Lakini barakoa ya kawaida huzuia, na hii huleta. Tunaridhika na barakoa ya oksijeni. Kinyago hatukitaki, kinatisha watoto.

Mgonjwa aliye hoi wa mapafu huweza kugeuzwa alale kifudifudi kwa saa nyingi, 12 au zaidi kwa siku, ili sehemu za nyuma za mapafu zipate hewa. Hapa lugha yetu haikuhitaji msaada wa mtu: chali, kifudifudi na ubavu ni maneno ambayo wakunga waliyatumia tangu zamani. Mtafsiri mmoja alituletea "mkao wa tumbo kuelekea chini". Tulimrudishia.

Neno mahututi lina hatari ya namna nyingine. Daktari asemapo kuwa mgonjwa ni mahututi ana maana kwamba anahitaji uangalizi wa kila dakika na vifaa vya pekee. Jamaa husikia kwamba safari imekwisha, na wengine huanza kupiga simu kijijini. Na "anapumulia mashine" limekuwa baya zaidi, kwani hata kurasa za michezo huandika kwamba timu inayoelekea kushuka daraja inapumulia mashine. Mwenye kulisikia neno hilo hospitalini amekwisha kufundishwa na gazeti kuwa hakuna tumaini. Tunapendekeza mashine ya kusaidia kupumua, na isemwe daima kwa ukamilifu wake: "mashine inamsaidia kupumua mpaka mapafu yapate nguvu." Kusaidia kuna mwisho, mtu husaidiwa kisha akaachwa ajitegemee.

Limebaki jambo moja ambalo tusingependa kulipita kimya, ingawa halimo katika barua ya mwalimu. Mpambanuzi wa mlangoni hufanya kazi kwa jina la ugonjwa. Asipokuwa na jina, hana mlango wa pili. Takwimu za taifa hazikutolewa tangu Mei 2020 hadi katikati ya 2021, na mwanzoni mwa 2021 lilienea katika matangazo ya misiba na hata mawodini neno "changamoto ya upumuaji". Ni maneno matatu ya Kiswahili safi. Lakini pumu ni changamoto ya upumuaji, na mfupa wa samaki kooni vilevile. Neno pana namna hiyo haliwezi kumwambia muuguzi avae nini wala ampeleke mgonjwa wapi. UVIKO, lililoundwa kwa kuunganisha silabi za ugonjwa, virusi na korona, lilikuwa tayari; lilihitaji kutamkwa tu. Wazee wetu walikuwa mahodari kuliko sisi katika jambo hili. Waliuita kipindupindu kwa jinsi kinavyompindua mtu, na ugonjwa uliotesa Zanzibar mwaka 1869 na 1870 ulijulikana kwa jina hilo pasipo haya. Homa ya kidingapopo nayo ina jina la kale hata wako wataalamu wanaodhani kwamba dunia iliazima neno lake la dengi kutoka kwetu.

Baada ya majadiliano tuliandika sentensi tatu kwa matumizi ya mlangoni, tukampelekea mwalimu wa Kibamba amsomee mama yake. Ya kwanza: "Mama tumemwona, na hali yake haifai kungoja; ataingia sasa hivi." Ya pili: "Dalili zake zinatufanya tumhisi kuwa na UVIKO-19, lakini bado hatujampima." Ya tatu: "Atakaa chumba cha peke yake ili kikohozi chake kisiwafikie wengine, na utaletewa habari zake hapa nje kila baada ya saa mbili."

Majibu yamefika wiki iliyopita. Ya kwanza mama ameikubali. Ya pili amesema ni ndefu, na kwamba yeye angetosheka na "huenda ana UVIKO, tunampima." Juu ya ya tatu ameuliza nani atakayezileta habari hizo kila baada ya saa mbili, maana siku ile hakuna aliyemletea mwanawe habari yoyote. Swali hilo si la istilahi, nasi tumelipeleka kwa wanaohusika. Masahihisho ya sentensi ya pili tumeyaingiza katika rasimu. Wauguzi, waganga na watafsiri wenye maneno mengine yatumikayo katika idara zao wanaombwa watuandikie kabla ya kikao kijacho cha kamati, wakieleza neno, mahali linapotumika, na lilivyopokewa na jamaa wa wagonjwa.